Kunde za Punda wa Wachachetosha

Ziko nchi zinazotawaliwa kwa upanga, na ziko zinazotawaliwa kwa nasaba. Nchi ya Wachachetosha ilitawaliwa kwa kunde, na wenyeji wake walijivunia jambo hilo mbele ya majirani kana kwamba wao peke yao ndio walioumbwa na akili. Ilikuwa mashariki ya Busara na magharibi ya Majuto, wala msafiri hakuhitaji ramani kuifikia, kwa kuwa njia zote za watu wavivu wa kufikiri zilielekea huko. Ardhi yake ilikuwa na rutuba, hewa yake latifu, na milima yake ilitoa chemchemi mbili ambazo zingalitosha kunywesha kila kiumbe, lau ufunguo wa milango ya maji ungalikuwa katika mikono ya haki.

Ufunguo huo ndio uliokuwa enzi. Aliyeushika aliitwa Mshika Ufunguo, na kila baada ya miaka saba watu walimchagua katika Siku ya Kunde. Vyungu vya wagombea vilipangwa uwanjani katika Jiji la Sifazake, chungu kimoja kwa kila mgombea, na kila mtu mzima alikuja na kunde moja, moja tu, akaitumbukiza katika chungu cha amtakaye. Kisha vyungu vilitiwa katika mizani. Kilichokuwa kizito kuliko kila kimoja cha wenzake kilitangazwa kwa tarumbeta, na kunde zake zikahifadhiwa katika chupa ya bilauri ndani ya ukumbi wa enzi. Kunde za vyungu vilivyoshindwa ziliitwa makapi. Zilimwagwa pamoja, zikapikwa, wakalishwa punda wa Mshika Ufunguo mbele ya watu wale wale waliozileta, ili kila mmoja aone kwa macho yake mahali inapokwenda rai ya aliyeshindwa. Sheria ya Kutopima ilimkataza mtu yeyote kupima makapi, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa nchini.

Juu ya lango la ikulu palichongwa maneno mawili: WENGI WAPE. Watoto walifundishwa kuyasoma kabla ya kufundishwa kuandika majina yao, na watu wazima walipita chini yake miaka nenda miaka rudi bila kuuliza hao wengi ni akina nani.

Mshika Ufunguo wa zama hizo alikuwa Mtukufu Thuluthi bin Kiburi, mtu mwenye sauti nene, kilemba kirefu na haya fupi. Alikuwa amekwisha kushinda mara tatu, na baada ya ushindi wa pili aliifunga Chemchemi ya Juu ili bustani za ikulu zistawi, wala hakujali kwamba kijiji cha Sahaulika, kilichoinywa chemchemi hiyo tangu enzi za mababu, kilikauka mpaka mbwa wake wakahama. Aliyelalamika aliambiwa, "Wengi wamesema." Neno hilo lilimziba kila mtu kinywa, kwa maana nani miongoni mwa watu waungwana atathubutu kubishana na wengi? Ulikuwa uongo mnene uliovaa kanzu safi, na watu waliuamkia kila asubuhi kwa heshima.

Palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kuwa ni uongo, na mtu huyo alinyamaza. Jina lake Zingatia binti Stahamili, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa hiyo hiyo Sahaulika. Alikuwa Mpishi wa Makapi, kazi aliyoirithi kwa shangazi yake pamoja na sufuria tisa za shaba na mwiko mrefu kama mchi. Mpishi hawezi kupika asipojua kiasi. Pishi moja ya kunde hutaka pishi tatu za maji. Yakipungua zinaungua, yakizidi zinakuwa uji, na punda wa ikulu hawakupenda uji. Kwa hiyo Zingatia hakupima kunde, maana sheria ilikataza. Alipima maji, na maji hayajui kusema uongo. Mara ya kwanza tarumbeta zilitangaza kwamba chungu cha Thuluthi kilikuwa na pishi thelathini na nne, watu wakapiga vigelegele. Zingatia akaenda jikoni kupika makapi, akamimina maji, akamimina, akamimina, na yalipotosha alikuwa amemimina pishi mia na tisini na nane. Alifikiri amekosea hesabu. Mara ya pili yakawa karibu vile vile, na mara ya tatu vile vile. Waliomtaka Thuluthi walikuwa theluthi moja ya nchi, waliomkataa walikuwa theluthi mbili, na theluthi mbili hizo zilikuwa zikichemka mbele yake zikingoja punda.

Alinyamaza kwa hofu, na hofu ina mazoea mabaya. Ukiilaza nyumbani mwako siku moja, kesho yake huomba mto. Alinyamaza hata siku Sahaulika ilipokauka na mama yake, Bi Stahamili, alipotoka huko na mtungi kichwani na jembe begani, akaenda kuanza maisha upya katika Bonde la Wengibure, ambalo lilinywa chemchemi ya pili. Bi Stahamili hakujua siri ya jikoni. Alilia siku moja, akalima siku zilizofuata, na kila alipoulizwa habari za kijiji chake alijibu kwamba wengi wamesema, na mtu hawezi kushindana na wengi.

Mwaka wa saba ulipotimia tena, Thuluthi akatangaza azma mpya. Punda wa ikulu, kwa kulishwa rai za raia kwa miaka mingi, walikuwa wamenenepa hata wakashindwa na joto, na mganga wao akaagiza wajengewe hamamu ya marumaru yenye maji yatiririkayo. Maji hayo yangetoka wapi? Yangetoka katika Chemchemi ya Wengibure. Akipata ushindi wa nne, alisema Thuluthi, mlango wa maji ya bonde utafungwa siku ya pili yake. Watu wanne katika kila kumi wa nchi ile waliishi katika bonde hilo. Punda walikuwa arobaini na wawili.

Mtu mwenye akili timamu atadhani kwamba Thuluthi alikuwa amejichimbia kaburi. Hamwajui Wachachetosha. Waliojitokeza kumpinga walikuwa watatu, na wote watatu waliapa kwamba chemchemi haitafungwa. Bwana Jiwe bin Msimamo alitaka izungushiwe ukuta wa mawe ili mifugo isiichafue. Bi Minyaa binti Ridhaa alitaka izungushiwe ua wa minyaa. Bwana Wazi bin Uhuru alitaka isizungushiwe kitu. Basi kwa ajili ya ukuta, ua na uwazi, watu hao wazima wenye ndevu na mvi walitukanana sokoni, wakanyimana posa, wakafikia hata kutozikana. Jiwe aliwaambia wafuasi wake kwamba aliyempa Minyaa kunde amewapa punda. Minyaa alisema hivyo hivyo juu ya Wazi, na Wazi juu ya wote wawili. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru alikuwa ikulu akipimiwa marumaru.

Mwezi mmoja kabla ya Siku ya Kunde, Zingatia alikwenda Wengibure kumtazama mama yake. Alimkuta anapalilia maboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia habari za hamamu?"

"Nimesikia. Nimekuja kukuchukua. Ninacho chumba nyuma ya jiko la ikulu, utakaa nami."

Bi Stahamili aliweka jembe chini. "Nilihama Sahaulika nikiwa na nguvu, nikaliacha kaburi la baba yako bila mtu wa kulifagia. Sasa sina nguvu. Mimi sihami mara ya pili. Maji yakikatwa, watanikuta hapa hapa, na watakaonizika watachimba katika udongo mkavu." Alisema hayo bila kupandisha sauti, akaokota jembe. "Lakini leo maji yapo, na mgeni hali maneno. Nenda sokoni uniletee dagaa. Ukikosa dagaa, leta nyanya chungu. Ukikosa nyanya chungu, leta hata mchicha, usirudi mikono mitupu."

Zingatia alichukua kapu akaenda. Alipofika nusu ya njia alisimama ghafla, na mtu aliyekuwa nyuma yake na mzigo wa kuni nusura amgonge. Alikuwa ameyasikia maneno yale tangu utotoni, na kila mama wa nchi ile aliyasema kila siku, lakini hakupata kuyasikiliza. Hapana mtu amtumaye mwenziwe sokoni akamwambia: kama hapana dagaa, rudi tulale njaa. Lakini nchi nzima ilikwenda uwanjani kila miaka saba kumchagua mwenye kushika uhai wao, ikasema neno moja tu, na neno hilo likikosekana ililala njaa miaka saba. Zingatia alishikwa na hasira. Aliwakasirikia Thuluthi na Jiwe na Minyaa na Wazi, kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi ya wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mwiko.

Sokoni aliwakuta watu wakibishana kama kawaida. Muuza dagaa, mwanamke mnene aitwaye Bi Njozi, alikuwa akimwambia mteja, "Mimi moyo wangu uko kwa Wazi, lakini kunde yangu itapotea. Pengine nimpe Jiwe, ingawa simpendi."

"Na kama ungeweza kuwapa wote wawili?" aliuliza Zingatia. "Wazi kwanza, na Wazi akishindwa, kunde yako ihamie kwa Minyaa, na Minyaa akishindwa iende kwa Jiwe?"

"Hayo ni maneno ya ndotoni, dada yangu. Kunde ni moja."

"Dagaa ni moja? Mteja wako akikosa dagaa hafi. Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa."

Ndipo akaomba uzi. Akatwaa kunde nyeupe, nyeusi na nyekundu, na punje ya choroko, zote zilizorowekwa tangu asubuhi kwa mnunuzi wa bajia, akazitunga kwa sindano ya muuza vitenge. Kila mgombea apewe rangi yake, alisema. Kila mtu atunge wagombea kwa mpango anaoupenda, wa kwanza awe mwishoni mwa uzi, wa pili nyuma yake, na kuendelea. Nyuzi zitundikwe kwenye vigingi vya wagombea walio wa kwanza. Asipopatikana aliyezidi nusu ya nyuzi zote, mwenye nyuzi chache kuliko wenzake aondoke. Punje yake inyofolewe, na kila uzi uende kwa anayefuata. Ifanywe hivyo mpaka mmoja apite nusu. "Hapo ndipo tutakapojua wengi ni nani," alisema, "maana mimi nimewapikia punda wengi hao mara tatu, na najua kwa pishi za maji kwamba Thuluthi hajapata kuchaguliwa na nusu ya nchi hii hata siku moja."

Bi Njozi aliyekuwa akifukuza nzi aliacha mkono wake hewani. Kabla neno halijapoa, askari wawili walimshika Zingatia kwa kosa la kupima makapi, na kapu la mama yake likarudishwa Wengibure na mtu mwingine, tupu.

Mahakama Kuu ya Wachachetosha ilikuwa na makadhi saba. Mkuu wao alikuwa Kadhi Hivyohivyo, mzee aliyeamini kwamba jambo likidumu limethibitika. Mshtaki alikuwa Waziri Mazoea, mtu laini wa ulimi aliyewatumikia Washika Ufunguo watatu bila kumkosoa hata mmoja. Uwanja wa mahakama ulijaa watu wa bonde, na mbele yao alikaa Bi Stahamili katika kanga yake ya msibani.

"Waheshimiwa makadhi," alianza Mazoea, "mwacha mila ni mtumwa. Mwanamke huyu amepewa chungu apikie, naye akakifanya chungu kuwa mwalimu. Amepima makapi, akawachochea watu watunge kunde katika nyuzi kama shanga za watoto. Anataka aliyeshindwa apewe nafasi ya pili. Je, mkimbiaji akipitwa, mbio huanza upya kwa ajili yake?"

"Mbio ni za wanaokimbia, Waziri," alijibu Zingatia. "Uchaguzi ni wa wanaochagua. Sikuuliza nani ametangulia. Niliuliza watu wanataka maji yao yashikwe na nani."

"Unadai kwamba Mtukufu hakuchaguliwa?" aliuliza Kadhi Hivyohivyo.

"Katika kila watu mia alichaguliwa na thelathini na wanne, mheshimiwa, na sitini na sita hawakumchagua. Sahaulika haikukaushwa na wengi. Ilikaushwa na wachache waliokaa pamoja, mbele ya wengi waliogombana. Na kila mwaka wa uchaguzi mmewaita wengi hao makapi, mkawafanya chakula cha mnyama, kisha mkawaambia warudi nyumbani wakatii."

"Utaratibu wetu ni mwepesi," alisema Mazoea. "Hata mjinga huuelewa."

"Na wewe umeupenda kwa sababu hiyo. Mama yangu hakusoma, lakini anajua kutaja dagaa, nyanya chungu na mchicha kwa mpango. Usiwasingizie watu ujinga ili uwaibie."

Kadhi Mkuu aligonga meza akasema kwamba yamesikika yaliyotosha. Kwa mujibu wa sheria, mabakuli matatu yaliwekwa mbele ya makadhi: bakuli la Kufukuzwa, bakuli la Kuonywa na bakuli la Kuachiwa Huru. Kila kadhi alitia kunde yake. Hivyohivyo na wawili wa upande wake walitia katika la kwanza. Kadhi Tahadhari, mtu mpole asiyependa makelele, alitia katika la pili, na jirani yake akamfuata. Kadhi Insafu na mwenzake walitia katika la tatu.

"Kufukuzwa, tatu. Kuonywa, mbili. Kuachiwa, mbili," alisoma Hivyohivyo. "Bakuli la Kufukuzwa limelemea. Wengi wamesema."

Bi Stahamili alifunika uso kwa kanga. Lakini desturi ilisema kwamba hukumu haipigwi muhuri mpaka makapi ya makadhi yapikwe na kuliwa na punda, na katika nchi nzima Mpishi wa Makapi alikuwa mmoja, naye ndiye aliyehukumiwa. Basi wakamletea mafiga, kuni na sufuria pale pale uwanjani, na punda mnono kuliko wote, aitwaye Shibe, akafungwa kando akingoja. Ndiyo nchi hiyo. Ilimtaka mtu apike kwa mikono yake zile kunde nne zilizotaka kumwokoa, na haikuona kwamba inatenda jambo la aibu.

Zingatia alipika. Kunde haziivi kwa amri, na makadhi walikaa juani wakifuta majasho wakati maji yakichemka. Zilipoiva aliomba sahani nne. Hakumwendea punda. Aliziweka kunde moja moja katika sahani, akaziandaa mbele ya makadhi wanne waliozitoa.

"Nini maana ya mambo haya?" aliuliza Mazoea.

"Nimewapikia punda miaka yote hii nikijidanganya kwamba kunde hizi hazina mwenyewe," alisema Zingatia kwa ghadhabu. "Leo wenyewe wapo. Muhuri haujapigwa. Nataka kila mmoja aitazame kunde yake, aniambie kwa kinywa chake kwamba haitaki tena. Akisema hivyo, nitampelekea Shibe, na nitatoka katika nchi yenu kabla jua halijazama."

Kadhi Tahadhari aliitazama sahani. Alikuwa ametia kunde nyingi maishani mwake, katika mabakuli na katika vyungu, na nyingi zilikuwa zimeliwa, lakini hakupata kuandaliwa mojawapo. "Kadhi Mkuu," alisema mwishowe, "mimi sikutaka afukuzwe."

"Ulitaka aonywe, na kuonywa kumeshindwa."

"Kumeshindwa na nani? Hapa tuko saba, na wanne hatutaki afukuzwe. Nikirudi nyumbani nitawaambia nini wanangu? Kwamba nimemtoa mtu katika nchi yake, nami sikutaka atoke, kwa sababu mimi na Insafu hatukuafikiana namna ya kumwachia?"

"Hili halijapata kutendeka," alisema Hivyohivyo.

"Limetendeka kila siku ya miaka yote, ila waliotendewa walikuwa nje ya ukuta huu," alijibu Kadhi Insafu.

Tahadhari aliishika kunde yake kwa vidole viwili, laini na yenye mvuke, akainuka, akaitia katika bakuli la Kuachiwa Huru. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, na Insafu na mwenzake wakazirudisha zao mahali zilipokuwa. Zikawa nne kwa tatu. Shibe, aliyezoea kula kwa wakati, alipoona hakuletewa kitu alirusha miguu ya nyuma, akampata Waziri Mazoea pajani, yule yule aliyekuwa akimpelekea sukari kila Ijumaa. Fadhila ya punda ni mateke, na watu walicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Makadhi wale wanne hawakuishia hapo. Walitangaza kwamba baraza lililoona haki kwa kunde zilizohama haliwezi kuwanyima raia kile lililojipa, na kwamba Siku ya Kunde inayokuja itakuwa ya nyuzi. Ilitazamiwa kwamba Thuluthi atakataa, lakini majivuno yalimziba macho. Alimwita Mazoea, aliyekuwa akichechemea, akamuuliza, "Waliomtaja Jiwe au Minyaa au Wazi kuwa wa kwanza, wa pili watamtaja nani?"

"Watakutaja wewe, Mtukufu. Watamtaja nani mwingine?"

"Basi waache watunge shanga zao," alisema Thuluthi. Miaka ishirini na mmoja ilikuwa imepita tangu mtu wa ikulu azungumze na mtu asiyemtaka.

Siku ya Kunde watu walikuja na nyuzi zao shingoni. Jambo la ajabu lilikuwa limetokea katika mwezi mmoja: wagombea watatu waliacha kutukanana, si kwa wema, bali kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa wa pili kwa wafuasi wa mwenziwe. Jiwe alikwenda msibani kwa Minyaa. Wazi alikubali kwamba ua si dhambi. Mama mmoja wa bonde aliuliza, kama walijua kuwa na adabu, basi walificha wapi adabu hiyo wakati Sahaulika inakufa.

Nyuzi zilipohesabiwa hadharani, katika kila nyuzi mia Thuluthi alikuwa na thelathini na nne, Minyaa ishirini na nne, Jiwe ishirini na mbili, Wazi ishirini. Tarumbeta za ikulu zikaanza kulia kwa mazoea, na Insafu akazinyamazisha. Wazi aliondolewa, choroko zikanyofolewa. Nyuzi zake kumi na moja zikaenda kwa Minyaa, saba kwa Jiwe, mbili kwa Thuluthi. Kisha Jiwe akaondolewa, na katika nyuzi zake ishirini na tisa, ishirini na sita zilikwenda kwa Minyaa, na tatu kwa Thuluthi. Minyaa alisimama na sitini na moja. Thuluthi, aliyetangulia mbele ya kila mtu kwa miaka yote hiyo, alikuwa na thelathini na tisa, na alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa kimo chake halisi bila kilemba. Ufunguo ukatoka mkononi mwake. Usipowapa wengi huchukua wenyewe. Huo ndio mwisho wa methali, ambao mchongaji wa lango la ikulu aliuacha.

Chemchemi ya Wengibure haikufungwa. Mwezi wa pili Bi Minyaa aliifungua na ile ya Juu, maji yakashuka tena kwenda Sahaulika, na Bi Stahamili akamtaka binti yake ampeleke akayaone. Walikuta kuta bila mapaa na mikwaju iliyokufa imesimama. Maji yalipita katikati ya kijiji yakilamba vizingiti vya nyumba zisizo na watu, kwa kuwa waliokuwamo walikuwa wametawanyika, na wengi wa wazee walikuwa wamekwisha kuzikwa ugenini. Bi Stahamili alilifagia kaburi la mumewe kwa tawi, kisha akaketi kwenye kizingiti chake cha zamani.

"Ulisema sokoni kwamba ulipima maji mara tatu," alisema. "Basi ulijua hata kabla hatujahama hapa."

"Nilijua, mama. Niliogopa."

Mama yake hakumkemea, na Zingatia angependa akemewe. Mama alichota maji kwa kitanga cha mkono, akanawa uso, akayatazama yakipita.

"Kumbe sisi ndio tuliokuwa wengi."

"Ndiyo, mama. Sisi ndio tuliokuwa wengi."

"Na aliyeshiba ni punda," alisema Bi Stahamili, akaomba mkono ainuke.